Homoni ya kuamsha mbegu za viazi: dawa inafanya kazi, kibandiko ni aibu

Sijawahi kukasirishwa na kipakiti kidogo namna hii. Ni unga wa asidi ya jibereliki, nilioununua msimu uliopita kwa sababu muda wa kupanda ulikuwa umewadia na mbegu zangu za viazi mviringo zilikuwa bado zimelala, hata jicho moja halijafumbuka.

Kibandiko kinasema: "Kijiko kimoja kwa ndoo." Kijiko cha chai au cha chakula? Ndoo ya lita ngapi? Asilimia ya homoni iliyomo haikuandikwa popote, ilhali viazi huhitaji miligramu chache tu kwa lita ya maji, kwa kawaida kati ya 1 na 10, na vilivyokatwa huhitaji kidogo kuliko vizima kwa kuwa homoni hupenya kwa urahisi penye kidonda. Wala hakikutaja kwamba unga huu huyeyuka kwa taabu majini, hivyo hutangulizwa kwenye spiriti kidogo. Wangu ulibaki chembechembe chini ya ndoo.

Nilirudi dukani kuuliza. Muuzaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake: "Wenzako wanachanganya tu na viazi vinaota. Wewe una shida gani?"

Vikaota kweli, tena upesi, lakini machipukizi yalitoka marefu, membamba na meupe, yakawa yanakatika mkononi kabla hayajafika shimoni. Hiyo ndiyo dalili ya homoni kupita kiasi, na si siri: jiberelini, kundi la homoni ambalo asidi hii imo ndani yake, ilijulikana kutokana na kuvu wa mpunga, ambao mtafiti Kurosawa wa Japani alionyesha mwaka 1926 kwamba utomvu wake hurefusha miche kupindukia. Jambo la miaka mingi namna hiyo linashindwaje kuandikwa kwenye kipakiti?

Nilikusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, mbegu hizi ambazo huwa zinachipua kwa jicho la kileleni peke yake, safari hii ziliamsha na macho ya ubavuni, na yale machipukizi yaliyonusurika yametoa mashina mengi kuliko nilivyozoea. Basi ziwe tatu. Hapana, nikiyakumbuka yaliyokatika narudi kwenye mbili, zote za homoni yenyewe. Na huyo bwana angeinua macho nilipomuuliza, pengine ile ya tatu ningeiacha.