Renjifainda ya mfukoni: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kamera yangu ya filamu, Yashica, ilikaa juu ya kabati miezi minane. Haikuwa na kasoro yoyote. Lenzi yake ni ya kusifiwa, ila ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na kila asubuhi niliishika, nikaipima mkononi, nikairudisha. Siku nilipopata Olympus ndogo inayoingia mfuko wa shati, nilimaliza filamu ya picha 36 ndani ya wiki, nyingi nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni. Orodha hii nimeipanga kwa mizani hiyo: kamera itatoka nyumbani au haitatoka? Ndiyo maana baadhi ya zinazopigiwa debe sana zimeshuka chini.

Tuelewane kwanza maneno. Renjifainda ina vidirisha viwili mbele. Ukichungulia, katikati unaona kijisehemu chenye picha ya pili iliyofifia, kama mtu anayeona vitu viwiliviwili. Unasogeza fokasi mpaka picha hizo mbili zilaliane, kisha unapiga. Ndani hakuna kioo kinachoruka, kwa hiyo kamera inakuwa nyembamba na mlio wake ni "tk" tu. Aliyekaa kiti cha pili kwenye daladala hasikii kitu.

Mtego wa f/1.7

Anayeingia sokoni mara ya kwanza ataambiwa atafute lenzi yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, f/1.7 au zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ushauri huo una maana kwa mtu wa Sapporo, kaskazini mwa Japani, mwezi wa Januari. Kwetu hebu tupige hesabu kwanza.

Karibu renjifainda zote ndogo za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zina shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ndani ya lenzi, na spidi yake ya mwisho ni 1/500 ya sekunde. Tia filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga), toka nje saa saba mchana. Kanuni ya zamani inasema jua likiwa kali weka f/16, spidi iwe sawa na ISO. Yaani f/16 na 1/500, na hapo shata imefika ukutani. Kwa Canonet, ile ya tatu hapa chini yenye f/1.7, f/16 ndilo tundu dogo kuliko yote, kwa hiyo na lenzi nayo imefika ukutani. Ukikutana na mchanga mweupe au ukuta wa chokaa, umeishiwa njia. Hiyo f/1.7 uliyoilipia na kuibeba inasubiri magharibi.

Lenzi za f/2.8 ni ndogo zaidi, na hizi mbili ninazoziweka juu zinafunga mpaka f/22. Kwa matumizi ya mchana, filamu ya ISO 100 au 200 itakupa nafasi ya kupumua. ISO 400 iwe ya ndani, ya mvua na ya jioni.

Ya kwanza: Olympus XA

Ilitoka mwaka 1979. Aliyeibuni ni Yoshihisa Maitani, mtu yuleyule wa Olympus Pen na OM-1, na shida aliyotaka kuitatua ndiyo hii yetu: kamera ambayo haihitaji mkoba. Mbele kuna kifuniko cha kuteleza. Ukikifungua, kamera imewaka. Ukikifunga, imezimika na lenzi imejificha. Ina gramu 225, na lenzi ya milimita 35, f/2.8. Wewe unachagua tundu, yenyewe inachagua spidi, kuanzia sekunde 10 hadi 1/500.

Betri zake ni mbili za SR44, au LR44 ukikosa hizo. Nilipomwonyesha fundi saa mmoja Kariakoo alicheka: "Kaka, hizi si za kikokotoo? Chukua jozi nne kabisa." Kwa kamera ya zaidi ya miaka arobaini, hilo si jambo dogo, kama utakavyoona hapa chini.

Kasoro zake nazijua vizuri kwa sababu naishi nazo. Kile kijisehemu cha fokasi ni hafifu. Watu hubandika kipande kidogo cha tepu nyeusi katikati ya kioo cha mbele cha kuchungulia, picha ya pili ikaonekana vizuri zaidi, na kweli inasaidia. Mkono wa fokasi una mwendo mfupi, kidole kikiteleza kidogo umeruka mita mbili. Kitufe chekundu cha kupigia ni chepesi mno, nimepiga picha za viatu vyangu kuliko ninavyotaka kukiri. Ukifungua tundu lote, pembe za picha zinaingia giza. Halafu kila kitu ndani ni umeme. Bila betri haipigi hata picha moja, na saketi ikifa, mafundi wengi watakurudishia na pole.

Angalizo kubwa kwa mnunuzi: XA1, XA2, XA3 na XA4 hazina renjifainda. Ni ndugu wa jina tu. XA2 ndiyo imejaa mtandaoni, na wauzaji wengine huiandika "XA" kwa makusudi au kwa kutojua. Tazama picha ya tangazo: XA yenyewe ina namba za tundu, 2.8 mpaka 22, pembeni mwa lenzi. XA2 ina vialama vitatu vya umbali. Ukiona kichoro cha mlima, hiyo siyo.

Ya pili: Olympus 35 RC

Kama unakaa mbali na fundi yeyote wa kamera, isogeze hii iwe ya kwanza wala sitakubishia. Ni ya mwaka 1970, chuma, gramu 410, lenzi ya milimita 42, f/2.8. Haiingii mfuko wa shati ila mfuko wa koti au kipochi inaingia. Unachagua spidi, kamera inachagua tundu, na ndani ya kitundu cha kuchungulia unaziona zote mbili. Kamera chache za ukubwa huu zinakupa hilo. Mwanga usipofaa, kitufe kinagoma. Kugoma huko kuna siku kumeniokoa filamu, kuna siku kumeniudhi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mita, yaani kipima mwanga, ikifa, kamera haifi. Unahama kwenda kuweka tundu na spidi mwenyewe, betri iwepo isiwepo. Spidi zake zinaanza 1/15 tu, kwa hiyo picha za usiku kwa stendi ya miguu mitatu usizitarajie sana, labda kwa B, ambapo shata inabaki wazi muda wote umebonyeza kitufe.

Balaa la betri ya zebaki

Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa. 35 RC, Canonet na wenzao wa enzi hiyo zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya PX625, volti 1.35. Zebaki ni sumu. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa mwaka 1996, na kwingineko zikafuata. Leo dukani utauziwa ya alkali yenye umbo lilelile lakini volti 1.5, tena inashuka kadiri inavyotumika. Mita inayopewa umeme mwingi inadhani mwanga ni mwingi, inafunga tundu, na picha zako zinatoka na giza.

Njia ninayoitumia ni betri ya kifaa cha masikioni cha wenye usikivu hafifu, namba 675. Ina volti 1.4, karibu sawa na ile ya zamani. Ni nyembamba kidogo, kwa hiyo izungushie kipira ili isichezecheze. Ukishabandua kile kibandiko chake inaanza kuvuta hewa na kujimaliza taratibu, iwe kazini au imelala, kwa hiyo usibandue kabla ya siku ya kupiga. Wenye subira ya kuagiza hununua adapta inayoshusha volti za SR44. Na aliyekwama na ya alkali adanganye mita: filamu ni ya ISO 400, yeye aweke 250 au 200. Filamu ya rangi ya negativu inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Ya tatu: Canonet QL17 GIII

Hii ndiyo wengi wanaiweka juu, na kwa ubora wa picha siwapingi. Mwaka 1972, milimita 40, f/1.7, na mfumo wa kupakia filamu usiokosea: lalisha ncha ya filamu, funga mlango, vuta. QL, yaani "Quick Loading", ni kwa ajili hiyo. Bila betri inapiga, ukiweka vipimo mwenyewe. Lakini ni gramu 620. Baada ya saa tatu shingoni utaanza kuibadilisha bega. Kwa harusi, kwa vyumba vyenye taa moja, kwa barazani baada ya swala ya isha, hapo iko mbele ya zote nilizozitaja. Kwa kila siku, sivyo.

Ukiinunua, ifungue nyuma na ukague sponji za kuzuia mwanga. Karibu zote zimegeuka lami inayonata vidoleni. Kubadilisha ni kazi ya jioni moja kwa uzi wa sufi mweusi na gundi, lakini iwe sababu ya kupunguziwa bei.

Zinazobaki

Konica Auto S3 (1973, milimita 38, f/1.8) na Minolta Hi-Matic 7sII (1977, milimita 40, f/1.7) ni ndogo kuliko Canonet na lenzi zao hazina aibu. Kati yao nachukua Minolta, kwa sababu inakuruhusu kuweka tundu mwenyewe, Konica haikuruhusu. Tatizo la zote mbili ni bei, zimepanda kuliko raha zinazotoa.

Yashica Electro 35 GSN, ile ya kabatini, bado ni rahisi kuipata. Nimeshasema habari ya uzito. Ukiipenda, fanya jaribio moja: vuta mkono wa filamu na utege sikio. Inatakiwa ilie "tok" kwa ndani. Kukiwa kimya, kipande cha mpira kinachopokea nyundo ndogo humo ndani kimeoza, na spidi zake haziaminiki tena.

FED na Zorki za Kisovieti naziheshimu, zina lenzi za kubadilisha na zinastahimili mengi, ila ni nzito, na hazimsamehi asiyesoma maelekezo: kwa Zorki 4 usiguse spidi kabla hujavuta shata, utaharibu mtambo.

Mwenye fedha atauliza Leica. CL ya mwaka 1973, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Minolta, ni ndogo kweli na shata yake inafika 1/1000, kwa hiyo ile hesabu ya saa saba mchana inalegea. Mita zake nyingi zimeshachoka. Leica M6, iliyoanza kutengenezwa tena mwaka 2022, mwili wake mtupu ni zaidi ya dola 5,000. Mimi sipandi nayo daladala.

Kabla hujatoa pesa

Nyingi za kamera hizi hutoka Japani kwa wauzaji wa mtandaoni, na usafiri na ushuru huweza kukaribia bei ya kamera yenyewe, kwa hiyo piga hesabu yote kabla ya kubofya. Muuzaji anayesema "sina betri ya kujaribia" kwenye kamera inayotumia LR44, mwache na kamera yake. Betri hiyo iko kila mahali duniani.

Omba picha ya nyuma ya lenzi ikimulikwa na tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu. Kwa sisi wa pwani hili ni kubwa kuliko jina la kamera. Lenzi yangu moja iliota kuvu ndani ya mkoba wake mzuri wa ngozi, kabatini, msimu mmoja wa masika. Ngozi inashika unyevu kama sifongo. Siku hizi kamera zangu zinalala kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Chumba cha betri kiwe safi, kisiwe na kutu ya kijani. Spidi ndogo zisikwame. Elekeza kamera kwenye kitu cha mbali, mnara wa simu au wa msikiti, weka fokasi mwisho kabisa: picha mbili zilaliane bila kupishana, wala kwa kando wala juu na chini. Na uwe umeshamjua atakayekusafishia filamu, maana wasafishaji wa filamu za rangi wamebaki wachache, na ukitaka kujisafishia nyeusi-nyeupe nyumbani utahitaji barafu kuyashusha maji yetu ya bomba yafike nyuzi 20.

Ikishafika, filamu ya kwanza usiipeleke harusini. Pima mita moja na nusu kwa utepe wa fundi cherehani, weka gazeti, fungua tundu lote, piga. Kisha mita tatu. Kisha kitu cha mbali. Rudia hizo tatu kwa vipimo tofauti, andika kila fremu kwenye karatasi, na hakikisha filamu imesafishwa kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha.