Injini ya guta cc 200 kwenye gari nililounda nyumbani: uzoefu wangu, Mtwara

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha hapa Chikongola. Kwa mwaka mzima sasa jioni zangu zote zimeishia kwenye kitu kimoja: gari dogo la viti viwili, chesisi ya skwea paipu, linaloendeshwa na injini ya guta, yale ya magurudumu matatu yanayobeba mizigo sokoni. Nilipoanza nilitafuta mtu aliyewahi kuifunga injini hiyo kwenye gari anieleze kwa Kiswahili, sikumpata. Kwa hiyo naeleza mimi.

Magari ya namna hii yana historia ndefu. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Uingereza alianza kuuza Lotus Seven, gari jepesi la chesisi ya mabomba ambalo mteja angeweza kulinunua vipande vipande akaliunga nyumbani, na vipande vilikwepa kodi iliyotozwa kwenye gari zima. Baadaye watu wakaanza kufunga injini za pikipiki kubwa kwenye magari ya umbo hilo, kwa sababu ni nyepesi, zina nguvu kuliko umbo lake, na giaboksi imo humohumo ndani.

Nami nilianza na hamu hiyohiyo. Nilitafutiwa injini ya cc 600 kutoka Dar es Salaam na nilikaribia kutuma pesa. Kilichonizuia ni swali la mzee jirani yangu aliyekuja kunitazama nikikata mabomba: "Njomba, hilo gari litarudi nyuma?" Nilinyamaza. Pikipiki haina rivasi. Haina difu pia, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, mnyororo wake unasukuma gurudumu moja tu. Halafu kuna oili: pikipiki hulala kwenye kona, oili ikabaki chini ya injini, lakini gari halilali. Kona ikiwa kali oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikafyonza hewa, na wenye magari hayo hulazimika kuweka vizuizi ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Na siku klachi ikiisha, spea naipata wapi Mtwara?

Guta lina majibu ya karibu yote hayo. Nilinunua injini iliyotumika pamoja na boksi ya rivasi, propela shafti (bomba linalopeleka mzunguko nyuma) na ekseli ya nyuma yenye difu na breki zake, vyote kwa shilingi 1,300,000. Injini ni ya silinda moja, ya kupozwa kwa maji, gia tano. Asili yake ni muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo ilitengenezwa kwa kutumia pushirodi, yaani fito za kusukuma valvu, badala ya mnyororo wa taimingi ili istahimili nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati. Ukiifungua unaona: hakuna kitu ndani yake ambacho fundi wa bodaboda hakijui.

Niliiweka mbele, rejeta ikiwa puani kabisa, na urefu ukaangukia vizuri kiasi kwamba propela shafti sikuikata hata sentimita moja. Ekseli ya mbele na raki ya usukani nilitoa kwenye Toyota Starlet iliyokufa.

Chesisi ni paipu ya milimita 25 kwa 25, unene wa geji 16, ambayo mita moja ina uzito wa kilo moja na kidogo. Nimetumia kama mita 60. Nilidhani sehemu hii itakuwa rahisi kwangu, maana kuchomelea ndiyo kazi yangu, lakini geti likipinda nusu sentimita hakuna anayeona. Mara ya kwanza nilichomelea upande wa kushoto wote mpaka mwisho ndipo nikahamia kulia. Nilipovuta uzi kona kwa kona, ulalo mmoja ulizidi mwingine kwa milimita 14. Nilikata viungo sita nikaanza upya: kwanza nukta ndogo kila kiungo, napima, kisha nachomelea kidogo huku, kidogo kule, nikiacha chuma kipoe. Na kwa sisi wa pwani, msiache chuma kilale bila rangi. Chumvi ya hapa inakiwashia kutu usiku mmoja. Kila bomba nimelitoboa tundu dogo baada ya kuchomelea, nikamimina oili chafu ndani, nikaligeuzageuza, nikaziba kwa ribiti.

Klachi ndiyo iliyonitesa zaidi. Waya wa klachi ya pikipiki unavutwa kwa vidole na mwendo wake ni mfupi sana, kama upana wa kidole. Ukiufunga kwenye pedeli ya mguu unauvuta mara tatu ya hapo. Nilikata waya tatu ndani ya wiki mbili, na wa tatu ulipinda mkono wa klachi kwenye injini. Dawa yake ilikuwa boliti moja ya namba 13 iliyochomelewa sakafuni nyuma ya pedeli, ili mguu ugote hapo. Tangu siku hiyo sijakata waya. Kama kuna jambo moja la kuchukua kwenye maelezo yangu, chukua boliti hiyo.

Gia nimezihamishia mkononi kwa fimbo: unasukuma mbele kupata namba moja, unavuta nyuma kwa zilizobaki, moja baada ya nyingine. Huwezi kuruka kutoka tano hadi mbili. Rivasi ina mkono wake pembeni, na hairuhusu uingie mpaka gari lisimame kabisa.

Uzito niliupima kwenye mzani wa korosho, kwa hisani ya chama cha msingi kabla msimu haujaanza. Gurudumu moja linapanda mzani, mengine matatu yanakaa juu ya mbao za kimo kilekile ili usomaji usidanganye. Mbele 71 na 68, nyuma 92 na 87. Jumla kilo 318. Nilirudia mara mbili kwa furaha. Guta tupu lina uzito unaokaribiana na huo, kisha linapakiwa simenti juu yake, kwa hiyo injini yangu haijui shida.

Kasi? Kilomita 58 kwa saa kwa kipimo cha simu. Difu ya guta imepigiwa hesabu ya mzigo, hivyo injini inapiga kelele mapema. Nilipotoka kwenye tairi za inchi 12 kwenda 13 ilisaidia kidogo. Anayetaka mbio atafute injini nyingine. Lakini ukiwa umekaa chini kiasi cha kugusa ardhi kwa mkono, na upepo wa Shangani unakupiga usoni, hiyo 58 inatosha kabisa.

Malalamiko yangu mawili. Aliyeniuzia alikata nyaya zote karibu na injini wakati wa kuitoa, nikatumia siku nne kutafuta waya upi wa chaji na upi wa moto. Hakikisha unapewa nyaya zote. Pili, sili za ekseli iliyotumika zilivujisha oili kwenye breki za nyuma, na breki si mahali pa kubana matumizi. Nikirudia, injini nitanunua iliyotumika, ekseli mpya.

Kwa sasa naliendesha kwenye kiwanja cha shemeji yangu, huko njia ya Mikindani. Barabarani sitalitoa kabla halijakaguliwa na kusajiliwa, na kabla ya hayo lazima mikanda ya viti ifungwe. Nimeshanunua boliti zake, zimelala juu ya meza ya kazi.