Nyaya za king'ora ziingie ukutani kabla ya lipu: uchague mfumo gani?

Tulipokarabati nyumba yetu Tegeta, king'ora cha wezi tulikikumbuka rangi ya pili ikiwa imeshakauka. Fundi akarudi na tindo. Hadi leo ukiwasha taa ya sebuleni usiku, kiraka kinaonekana kutoka darini hadi juu ya mlango. Kama ukuta wako bado umetinduliwa kwa ajili ya umeme, huu ndio wakati wa kuamua. Mifumo iko minne, nimeipanga kuanzia ninaoupendelea zaidi.

Nafasi ya kwanza: waya nyumba nzima. Kila sensa, yaani kifaa kinachohisi mtu akiingia, ipate waya wake hadi kwenye paneli, kasha kuu linalopokea taarifa za sensa zote. Fundi akitaka kuunganisha chumba kwa chumba ili aokoe waya, kataa. Siku ya hitilafu hamtajua pa kuanzia. Waya wa nyuzi sita unatosha: mbili za umeme wa volti 12, mbili za kuripoti mwendo, mbili za kukuambia kuna mtu anafungua kasha la sensa.

Ukienda dukani chukua kisu. Kwangua uzi mmoja: wekundu ukitoka na ndani kukawa kweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukiukunjakunja hukatika. Usiununue hata kwa nusu bei, kwa sababu huo ndio unaofukiwa ukutani.

Paipu za king'ora zikienda sambamba na za umeme wa nyumba, ziachane kama sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Darini pia waya upite ndani ya paipu, panya hawana simile. Paneli ikae ndani kabisa, kabatini kwa mfano, pamoja na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Mfumo unaokula ampea 0.3 utamudu takriban saa 20 umeme ukikatika, betri ikiwa nzima.

Ya pili: mchanganyiko. Huu unamfaa anayekarabati vyumba vichache tu. Ving'ora, kibodi ya namba za siri na milango mikubwa vipewe waya. Madirisha ya upande usioguswa yapewe sensa zisizo na waya. Muulize muuzaji kabla hujalipa kama paneli inapokea aina zote mbili. Si zote zinazopokea.

Ya tatu: paipu tupu. Hela imeisha? Fukia paipu na makopo yake, pitisha kamba ya kuvutia waya, funika. Kabla ya lipu piga picha kila ukuta, futikamba ikiwa imenyooshwa ili vipimo vionekane. Naiweka juu ya mfumo usio na waya kwa sababu mwakani utavuta waya bila kubomoa chochote.

Ya mwisho: bila waya kabisa. Kwa mpangaji ni sawa, kwani akihama anaondoka nao. Kwa mwenye nyumba ambaye ukuta wake uko wazi, sioni sababu. Kila sensa ina betri yake ya kubadilisha, na mawimbi yake yanaweza kuzibwa.

Mfumo wowote utakaochukua, usibane pesa kwenye sensa za mwendo. Huku pwani adui yake mkubwa ni mjusi. Akipita juu ya lenzi, sensa ya bei ya chini inamwona kama mtu, king'ora kinalia saa tisa usiku, na baada ya siku tatu familia inakizima moja kwa moja. Jikoni na stoo nunua ile inayotumia joto na mawimbi kwa pamoja, ambayo hailii mpaka vyote viwili vikubaliane. Ifunge kwenye kona, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, isitazame dirisha linalopigwa na jua, na tundu la waya nyuma yake lizibwe kwa silikoni.

King'ora cha nje kiwe juu, mkono usifike bila ngazi, na waya wake utokeze ukutani nyuma ya kasha lenyewe, usionekane hata inchi moja.