Kufuli la diski lenye king'ora: miezi kumi kwenye vespa ya Mjini

Nyota tatu kati ya tano. Mbili zimeondoka kwa sababu ya chumvi, na hilo muuza duka hatakuambia.

Nazungumzia lile kufuli dogo, zito kidogo mkononi, lenye mwanya katikati, linalobanwa kwenye diski ya breki. Hapa Unguja yanauzwa Darajani na kwenye maduka ya spea Mwanakwerekwe, mengi hayana jina la maana. Langu nimelipa shilingi 38,000. Pini yake ya milimita 7 hupita kwenye tundu la diski, gurudumu likakataa kuzunguka. Ndani mna kihisi cha mtikisiko: likiguswa mara ya kwanza hutoa milio mifupi ya onyo, mtu akiendelea linapiga ukelele wa sekunde kumi hivi. Boksi limeandikwa desibeli 110. Sina kipimo, ila ndani ya chumba utaziba masikio.

Kabla ya kutoa pesa, angalia gurudumu lako la mbele. Boxer na TVS nyingi za bodaboda zina breki ya dramu mbele, hazina diski, kwa hiyo kufuli hili kwao ni pambo. Zenye diski nazo hutofautiana matundu. Chukua biti ya drili ya milimita 7, isukume kwa mkono kwenye tundu: ikipita bila kulazimishwa, kufuli litakaa. Isipopita, tafuta kufuli la pini ya milimita 5 na nusu. Usikubali fundi akutoboleye diski. Diski hupata moto kila ukifunga breki, na tundu lililopanuliwa kwa drili ya mkono huacha kingo kali ambapo ufa unaanzia.

Mahali pa kulibana pana maana yake. Libane karibu kabisa na kalipa, upande ambao diski ikizungukia mbele kufuli litagonga mara moja. Ukisahau ukawasha na kuondoka, utasimama hapo hapo. Ukilibana mbali, gurudumu linapata karibu mzunguko mzima, kishindo kinakuja ukiwa umeshatia gesi, na hapo ama unaanguka, ama diski inapinda. Ule waya wa rangi ya chungwa unaokuja na kufuli ni wa kufunga kutoka kwenye kufuli hadi mkono wa usukani. Wengi huutupa na boksi. Usiutupe.

Sasa chumvi. Ukiegesha Forodhani jioni, au Malindi kwa sababu unavuka na boti ya asubuhi kurudi jioni, upepo wa bahari unaingia kila pahala. Kwenye kufuli hili huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la ufunguo. Mwezi wa tatu tangu nilinunue, ufunguo wangu ulianza kuwa mzito, na kosa la kawaida ni kumimina oili ya injini au kupaka grisi. Grisi inashika mchanga mwembamba, ukichanganyika na chumvi unapata uji unaokauka ndani. Kinachofaa ni kuosha kwanza kwa maji baridi safi (si ya kisima chenye chumvi, kwani utakuwa unaongeza), kukausha juani, kisha kupuliza WD-40 kutoa unyevu, na baada ya siku moja kutia unga wa grafaiti. Huna grafaiti, kwangua penseli laini ya 2B juu ya karatasi, uchovye ufunguo, uingize na kutoa mara kumi. Mimi nafanya hivi kila wiki ya tatu, na wakati wa upepo wa kusi kila wiki ya pili.

Njia ya pili ni chumba cha betri. Kufuli linatumia betri sita za kidonge, LR44, kila moja volti 1.5, jumla tisa. Zile zilizoandikwa AG13 ni saizi ile ile, hazina tatizo. Zinazokuja ndani ya boksi ni dhaifu, zibadilishe siku ya kwanza. Kifuniko kina mpira mwembamba wa kuzuia maji, na kwenye langu mpira huo ulikuwa haujakaa sawa tangu kiwandani. Springi ikaota kutu ya kijani, king'ora kikawa kinalia kama kuku aliyebanwa. Suluhisho: kwangua springi kwa msasa laini, pakaza grisi ya silikoni kwenye mpira, isiguse betri. Betri zinanidumia miezi minne. Wanaosema mwaka mzima labda wanaegesha ndani ya nyumba.

Kulia ovyo kupo, lakini kwa kiasi. Paka akiruka kwenye siti, linalia. Mtoto akiegemea, linalia. Upepo wenyewe haujaliamsha, isipokuwa pikipiki imefunikwa turubai inayopigapiga. Tatizo la Mji Mkongwe ni jengine: katika vichochoro sauti inagonga kuta za mawe na kurudi, mtu aliye dirishani hajui inatokea upande gani. Nje ya msikiti wakati wa tarawehe, vespa zimepangwa mkono kwa mkono, mtu akitaka kutoa yake anagusa tatu za wenziwe. Hapo kelele haina tena maana, watu wameshaizoea.

Na hata likilia vizuri, kufuli la diski linazuia gurudumu moja tu kuzunguka. Vespa ina kilo mia na ushei. Watu wawili wanainyanyua, inaingia kwenye keri ya mizigo, imekwenda na king'ora chake. Kwa hiyo mimi nalihesabu kuwa nusu ya ulinzi, nusu nyengine ni mnyororo. Mnyororo wa milimita 6 unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni wa kufungia mbuzi, mkasi wa kukatia nondo unaumaliza kwa mbano mmoja. Chukua wa chuma kilichopikwa kikawa kigumu, unene wa milimita 10 kwenda juu, urefu mita moja na robo. Ni karibu kilo tatu, ndiyo, unachosha. Upitishe gurudumu la nyuma pamoja na chesisi, kamwe usiufunge gurudumu la mbele peke yake, ambalo hutoka kwa kufungua ekseli moja. Na usiuache ulale chini: mnyororo ukigusa sakafu, sakafu inakuwa fuawe, nyundo inafanya kazi yenyewe. Uvute juu ubane.

Ufungwe kwenye nini? Nyumbani Fuoni au Chukwani, ambako uwanja ni wako, pinda nondo ya milimita 16 iwe kama herufi U, chimba sentimita 40, miguu yake uipinde nje kama nanga, mwaga zege ya moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), iache wiki nzima kabla ya kuifungia kitu. Mjini ndani huwezi, Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na kuta zenyewe za mawe na chokaa hazishiki boliti. Huko tafuta nguzo, au funga pikipiki mbili kwa mnyororo mmoja na jirani unayemwamini.

Swichi ya siri ya kuzima injini ni ya bei rahisi kuliko vyote na naipenda, ila ujue namna inavyokufa. Kuna injini ambazo cheche hukatika kwa kupeleka waya wa CDI (kile kisanduku kinachotoa cheche ya plagi) kwenye bodi ya chuma, na kuna ambazo hukatika kwa kuuondolea CDI umeme. Kwa aina hii ya pili, swichi ikila kutu pikipiki inazimika barabarani, unajua mara moja. Kwa ile ya kwanza, swichi ikila kutu pikipiki inawaka kama kawaida, na wewe unaendelea kuibonyeza kila usiku ukidhani umelala salama. Ijaribu kila Ijumaa: izime, piga kiki, isiwake. Viungo vya waya vitiwe risasi na kufunikwa ala, visisokotwe na kuzungushiwa selotepu. Na isiwekwe chini ya siti, kila mtu anaanzia kutafuta hapo.

Kifaa cha kufuatilia kwa setelaiti nimekifunga pia, na kwa kisiwa chetu nina mashaka nacho zaidi ya kufuli. Kikiwa macho kinakula miliampea 20 au zaidi. Kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa. Betri ya vespa ya ampea-saa 7 inapoteza nusu yake kwa wiki, ukienda Pemba siku kumi ukirudi stata haigeuki. Nunua chenye hali ya kulala. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuzima injini ifungwe kwenye mguu wa 30 na 87a, ambayo hubaki imeungana rilei ikiwa haina umeme, ili kifaa kikifa pikipiki iendelee kwenda, na hakikisha amri ya kuzima inasubiri mwendo upungue. Badilisha nenosiri, vifaa vingi hutoka kiwandani na 123456. Laini ya simu iliyomo ndani yake iwe na salio. Lakini pikipiki ikishushwa bandari bubu ikapakiwa chomboni, mtandao wa simu unakatika baharini na ramani inabaki pale pale ufukweni. Ndiyo maana natanguliza vitu vinavyomchelewesha mtu pale inapoegeshwa.

Piga picha namba ya chesisi na ya injini, ziwe ndani ya simu na kwa mtu mwengine. Polisi watazitaka kabla hawajakupa RB (namba ya ripoti yako), na sheha, kiongozi wa mtaa, naye. Bima ndogo hailipi wizi.

La mwisho ni funguo. Zinakuja mbili, na namba ndogo imechorwa juu yake, iandike. Usiziweke kwenye mkufu mmoja. Kufuli likikwama kwa chumvi huku limebana diski, usilipige nyundo, diski itapinda. Loweka kwa WD-40, subiri saa nzima, ufunguo uutikise badala ya kuulazimisha, kwani ukivunjikia ndani hakuna la kufanya ila grenda. Ukifika huko, funika tairi na mpira wa shoki kwa tambara bichi, cheche zisiviunguze, na fundi akate mwili wa kufuli, asikate pini.