Kusoma ADN na BSN kwa mpigo mmoja hapa Texas, uzoefu wangu

Haya wadau, hii maneno nimeulizwa sana kwa wasap ya kanisa na ya chama, kila mtu anataka kujua kama ile programu ya kusoma ADN (digrii fupi ya unesi) na BSN (digrii kamili ya unesi) pamoja ni ya kweli ama ni biashara ya vyuo tu, kwa hiyo naandika yote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia linki. Chuo sitakitaja, nina malalamiko yangu nitayasema, na pia nimeongea na wenzangu wa vyuo vingine huku Dallas na Fort Worth nikaona mambo yanafanana tu.

Kwa wenye hawajui, Marekani kuwa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, kuna njia mbili kubwa. Unaweza kwenda komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya kozi fupi, upate ADN, wanaiita ya miaka miwili lakini ukijumlisha na masomo ya awali, anatomia na fisiolojia ya kwanza na ya pili, maikrobayolojia, saikolojia na kadhalika, miaka miwili sahau. Ama uende chuo kikuu miaka minne upate BSN. Wote mnakalia mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni mnayopewa ni ileile. Tofauti iko kwa ajira. Mwaka 2010 Institute of Medicine walitoa ripoti wakasema ifikapo 2020 asilimia 80 ya manesi wawe na BSN, na tangu hapo hospitali kubwa za mjini, hasa zenye hadhi ya Magnet, ile ya kusifiwa kwa uuguzi bora, ama zinazoitafuta, zikitangaza kazi zinaandika BSN ndo inapendelewa, ama wanakuchukua na ADN halafu wanakusainisha kwamba utaipata ndani ya miaka kadhaa. New York wao walipitisha kabisa sheria 2017, nesi mpya awe na BSN ndani ya miaka 10. Huku Texas hatuna sheria hiyo, lakini nenda utafute kazi ya ICU, wodi ya mahututi, mjini na ADN peke yake halafu uniambie.

Sasa hii ya pamoja, wanaiita konkarenti, ni kwamba umekubaliwa komyuniti koleji kwa ADN na palepale chuo kikuu chenye mkataba nao kinakukubali pia. ADN unaenda darasani na hospitali, BSN unasoma onlaini, somo mojamoja la wiki chache. Na masomo ya BSN si ya kudunga mtu sindano, ni utafiti, uongozi, afya ya jamii, rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, insha kwa insha. Mimi wakati naanza nilikuwa CNA, msaidizi wa nesi, kazi yetu tunayoijua ya kugeuza wazee na kubadilisha shuka, nafanya naiti za wikendi, bwanangu ni dereva wa lori wiki nzima yuko barabarani, na watoto wako praimari. Nasema hivyo mjue naongea kutoka wapi, kama wewe huna watoto na unaishi kwa dadako bure, punguza machozi yangu kidogo.

Bei ndo kitu kilinivuta na bei haikuniangusha. Komyuniti koleji za Texas zinatoza kulingana na mahali unaishi, wenye wako ndani ya wilaya ya chuo wanalipa chini kabisa, wa nje ya wilaya wanalipa zaidi, na asiye mkazi wa jimbo huyo anakamuliwa. Kabla hujahama apatimenti angalia hilo, kuna dada tulikuwa naye darasa moja alihamia mtaa mzuri zaidi, dakika chache tu kutoka pale alikokuwa, kumbe amevuka mpaka, ada ikapanda. Na ile krediti ya BSN, kile kipimo cha masomo unacholipia, ambayo ni ghali unailipia kidogokidogo, haikujii yote kwa semesta moja.

Lakini hapo kwa hela ndo kuna shimo, na hakuna aliyenionyesha. Ukijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, na ukapata Pell Grant, ule msaada usiorudishwa, hiyo pesa hailipwi vyuo viwili kwa wakati mmoja. Inaenda chuo kimoja, na kama unataka krediti za chuo cha pili zihesabiwe, vyuo vyenyewe lazima viwe vimeandikiana makubaliano na wewe unajaza fomu kila semesta. Mimi nimeenda kwa mshauri wa komyuniti koleji akaniambia uliza chuo kikuu, nikapiga simu chuo kikuu nikawekewa muziki weee mwisho mtu ananiambia uliza komyuniti koleji. Wote wapole sana, mama Have a nice day, na bili inangoja. Semesta ya kwanza nililipa somo la BSN kutoka mfukoni, hela ya naiti zangu, na fomu ikaja kupita wakati semesta inaisha. Vyuo vinatangaza hii programu kama ni mlango mmoja, ukiingia unakuta ni nyumba mbili zisizosalimiana, una paswedi mbili, imeili mbili, kalenda mbili, na likizo zao hata haziangukii wiki moja. Kwa hili nawanyima nyota moja nzima kati ya tano na sijuti.

Masomo yenyewe sasa. ADN ni ngumu, na nisikie mtu anasema komyuniti koleji ni rahisi nitamkimbiza. Kwetu pasi ilikuwa 78, ukipata 77.9 umeanguka, hawakusukumi. Kuna mtihani wa hesabu za dawa kila semesta kabla hujaruhusiwa kumpa mgonjwa chochote, kama vile daktari ameandika mililita 1000 za maji ya dripu ziingie kwa masaa 8, mpira unatoa matone 15 kwa mililita, sema ni matone mangapi kwa dakika. Ni 31. Ukiandika 31.25 wanakukosesha kwa sababu hakuna robo tone, na wako sahihi. Maswali ya chagua yote yanayofaa ndo yaliliza watu, mtu alikuwa anapata A kwa masomo ya awali anatoka na 68.

Halafu kuna kukaguliwa kazi za mikono. Siku ya katheta ya mkojo mwalimu anasimama na karatasi yake pembeni, mgonjwa ni sanamu ya plastiki, unavaa glavu safi zile za kufunguliwa kwa pembe, na tangu hapo mkono wako ukigusa shuka, ukigusa apron yako, ukishuka chini ya kiuno, basi. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuingiza mpira, nimemaliza kusafisha, jasho linatiririka, mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, ule mkono wa kushoto unaugusisha wapi tena? Ule ulioshika ngozi umeshachafuka, haurudi kwa trei. Haukuwa umerudi, alikuwa ananijaribu tu, lakini moyo ulisimama. Huwezi kufundishwa hayo onlaini, na ndo maana nasema upande wa ADN pesa yangu ilienda kihalali.

BSN ni ugumu wa aina nyingine. Hakuna kitu kigumu kichwani, ni kingi tu na hakijali una nini. Kila wiki unaandika jibu la mjadala kufikia Jumatano, halafu unajibu wenzako wawili kabla ya Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku, na marejeo kwa mtindo wa APA, koma ikikaa vibaya unakatwa. Sasa fikiria umetoka naiti Jumapili asubuhi, umelala masaa matatu, watoto wanataka chakula, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi unatakiwa wodini umeshasoma faili la mgonjwa, na hapo katikati unamwandikia mtu hujawahi kumwona "nakubaliana na hoja yako kuhusu uongozi wa mabadiliko". Jameni. Nusu ya hizo diskasheni hazikuniongezea kitu. Ila somo la utafiti na lile la afya ya jamii hayo sitayatukana. Kwa afya ya jamii tulifuatilia kisukari kwa mtaa mmoja wenye duka kubwa la vyakula liko mbali na basi hazipiti vizuri, nikaelewa kwa nini yule mzee wangu wa nasing homu alikuwa anaambiwa ale mboga na kila akienda kwa mwanawe anarudi sukari iko juu.

Kitu kilinisaidia kuvuka ni mpangilio. Wiki yenye mtihani mkubwa wa ADN, BSN inapata kazi ya kupita tu, B inatosha, sikuitafutia A. Kwa sababu ukianguka ADN, BSN nayo inasimama, lakini ukianguka somo moja la BSN unalirudia na maisha yanaendelea. Wenzangu wawili watatu walifanya kinyume, walikuwa na A tupu chuo kikuu na wakaondolewa ADN semesta ya tatu. Na shifti nilipunguza, naiti moja tu kwa wiki mwaka wa mwisho, tukabana matumizi, nyumbani nikawaambia ukweli kwamba mwaka huu hakuna pesa ya krismasi inatoka kwangu.

NCLEX nilifanya baada tu ya kumaliza ADN, na hiyo ndo tamu ya programu, hungoji BSN iishe. Texas unafanya pia ule mtihani wa sheria za uuguzi wa jimbo, onlaini, na alama za vidole. NCLEX yenyewe tangu Aprili 2023 ni ile mpya yenye visa vya wagonjwa, maswali kati ya 85 na 150, masaa matano, na kompyuta inazima yenyewe ikishaamua. Nikaanza kazi kama RN na nimebakiza BSN kidogo, meneja aliponihoji aliona nimeshasajiliwa kwa BSN na tarehe ya kumaliza inajulikana, hakuuliza zaidi.

Sasa ukiniuliza ni lazima? Hapa wengi hamtapenda. Kama haraka yako ni mshahara, chukua ADN peke yake, pita NCLEX, ingia hospitali, halafu waache wao walipie BSN. Hospitali nyingi zinarudisha ada, na sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akulipie masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Mimi sehemu kubwa ya BSN nimelipia na hela ya CNA wakati ningelipiwa. Nilichopata badala yake ni muda na wodi niliyoitaka, maana nina umri wangu na nataka kusomea NP, nesi wa ngazi ya juu anayeweza kutibu na kuandika dawa, na bila BSN hiyo njia kwa shule nyingi ni ndefu. Kwa mtu kama mimi ni nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa mama aliye peke yake na kazi masaa 40 na watoto wadogo, hapana, nenda ADN, nakuomba.

Wenye wako na visa ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, FAFSA haiwahusu, na masomo ya onlaini yanahesabiwa kwa mipaka, ni somo moja tu la onlaini linaingia kwa ile idadi ya kuwa mwanafunzi kamili, kwa hiyo ongeeni na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hamjalipa hata senti.

Na wale wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, mnaoniandikia inboksi mkiwa na diploma ya KRCHN, ya unesi wa afya ya jamii, na leseni ya Nairobi, hii programu si yenu, msije mkaanza sifuri kwa sababu binamu kasema. Pelekeni vyeti vitathminiwe, kaeni NCLEX, halafu tafuteni ile ya RN kwenda BSN onlaini, hamhitaji kushika katheta mbele ya mwalimu tena.