Uzoefu wangu: walimuuliza mume wangu kama anajua kusoma

Tumerudi muda sasa na nilijizuia sana nisiandike, maana mume wangu alisema yaishe, tumefika salama tumerudi salama, yaishe. Kwake labda yameisha. Kwangu bado. Jina la shirika la ndege silitaji kwa sababu kaniomba nisilitaje na nimemuahidi, ila mambo yenyewe nayasema yote.

Sisi ni watu wazima. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, kafundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na miaka mingi katika hiyo alikuwa anapewa darasa la kwanza na la pili, wale watoto wa KKK, kusoma, kuandika, kuhesabu. Hilo naomba mliweke kichwani. Mimi napika kwenye shughuli, harusi, kipaimara, hata misiba. Honimuni hatukuwahi kwenda, tulitoka kanisani tukala pilau kwa shangazi yake na Jumatatu yeye akawa ubaoni. Kwa hiyo alipostaafu tukasema jamani sasa na sisi twende. Yeye ndoto yake ni Roma toka kijana, mimi nataka Paris, tukakubaliana tushukie Paris tukae siku tatu halafu Roma siku nane.

Kwa vile Roma ndiko tunakaa zaidi, visa tuliomba ubalozi wa Italia. Ndivyo utaratibu ulivyo, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, na ile visa ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, ikishatoka unaweza kuingilia nchi nyingine ya humohumo ndani. Mzee wangu haya mambo aliyasoma kama mtu anajiandaa na mtihani, anakutajia nchi zote 29 moja baada ya nyingine, anakwambia Uswisi imo japo haimo kwenye Umoja wa Ulaya, Uingereza na Ireland hazimo. Ada ya visa euro 90 kila mtu na ukinyimwa hurudishiwi, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, bukingi za hoteli, tiketi ya kurudi, vyote kavipanga kwenye faili la bluu la plastiki lenye kifungo, kila karatasi na kopi yake nyuma. Visa zilipotoka alinipigia simu niko jikoni kwenye shughuli ya watu, akawa anashindwa kuongea vizuri, nikadhani kuna msiba.

Siku ya safari wanajumuiya walikuja kutuaga, watoto wakatusindikiza, tukafika Terminal 3 pale Dar mapema sana, foleni bado fupi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea. Tukafika kaunta.

Dada wa kaunta ni binti mdogo tu, naweza kumzaa. Shikamoo hatukuidai, hata habari zenu hatukupata. Kachukua paspoti, kafungua, kaangalia visa, kaangalia kompyuta yake, akasema mnaenda Paris na visa ya Italia? Mume wangu akasema ndiyo binti yangu, tunaanzia Paris halafu tunaelekea Roma. Akasema haiwezekani, Paris ni Ufaransa, mnatakiwa muwe na visa ya Ufaransa. Mume wangu akatabasamu, maana jibu analo, akafungua faili lake, akaanza kumwelekeza kwa upole kabisa, akaweka kidole kwenye stika ya visa pale panaposema VALIDO PER, STATI SCHENGEN, akamwambia hapa maana yake inakubalika nchi zote za Schengen. Yule binti hakutazama hata kidole kilipo. Akasema, na nanukuu kama nilivyosikia, "Mzee, wewe unajua kusoma? Hii ni visa ya Italia." Akagonga ile stika kwa ukucha, kwa! kwa! Halafu akasema "sogeeni pembeni, wenzenu wanasafiri."

Wenzenu wanasafiri. Na sisi tumekuja kufanya nini pale?

Tukasogea. Mimi nilianza kupandisha sauti, mume wangu akanishika mkono akasema acha, usimharibie kazi yake. Tukasimama na troli yetu pale pembeni kila anayepita anatutazama, na mnajua Waswahili tunavyotazama, kila mtu keshaamua kwamba hawa wazee wamekamatwa na visa feki. Mume wangu akakaa juu ya sanduku. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa. Baada ya dakika akavua tena, akaifuta, akavaa. Miwani haikuwa na uchafu wowote. Nimeishi na huyu mtu miaka mingi nikamuona anafanya hivyo siku tuliyomzika mama yake, basi.

Sasa hapa niwe mkweli, maana sitaki mtu aseme naonea. Naelewa kwa nini wale watu wanakagua. Shirika likimsafirisha mtu asiye na hati sahihi linapigwa faini na linabebeshwa mzigo wa kumrudisha, kwa hiyo kuuliza waulize, hata wakiuliza mara kumi sina neno. Na binti kama hajui, hajui, hakuna aliyezaliwa anajua Schengen, hata mimi nilifundishwa na mume wangu mezani kwangu. Kama angesema tu mzee subirini kidogo nimuulize mkubwa wangu, hii ripoti msingeisoma. Hapo nilikuwa nafikia kuwapa nyota tatu.

Lakini hakumuuliza mtu. Masaa karibu mawili! Ni mimi niliyekwenda kumkamata kijana mmoja aliyevaa tai anapitapita na redio mkononi, nikamwambia mwanangu njoo utusaidie tunaachwa. Yule kijana akaja, akainama kwenye kompyuta ileile aliyokuwa nayo yule dada muda wote. Kuna mfumo unaitwa Timatic, mashirika ya ndege ndiyo wanautumia kuangalia masharti ya paspoti na visa za kila nchi, unaandika uraia wa mtu na anakokwenda, unaambiwa. Akaandika. Dakika hata mbili hazikufika. Akasema "hawa wako sawa, wape boding pasi," akaondoka zake. Kwa hiyo jibu lilikuwepo pale mbele ya macho yake, umbali wa mkono, na badala ya kulisoma akamuuliza mwalimu wa KKK kama anajua kusoma.

Samahani hakuna. Alichapa boding pasi akazisukuma pamoja na paspoti juu ya kaunta, ya mume wangu ikateleza ikaanguka chini upande wetu. Mume wangu akainama akaiokota, na magoti yake si mazuri. Akamwambia "asante binti yangu." Mimi sikusema kitu maana ningesema kitu kibaya.

Na siti tulizochagua na kuzilipia tukae pamoja, zimeshatolewa. Mimi mstari wa 21, yeye wa 38. Ndege ya kwanza ni masaa karibu sita.

Humo ndani lazima nimtaje dada mmoja mhudumu, kwa lafudhi yake ni mtu wa Mombasa. Huyu sijui nimuelezeeje. Alipita akaniona nageukageuka kuangalia nyuma, akauliza mama kuna nini, nikamwambia tu mume wangu yuko kule nyuma. Hakusema subiri, hakusema tutaangalia. Alikwenda mwenyewe akaongea na kijana mmoja aliyekaa karibu na mume wangu, kijana akakubali kubadilishana, akarudi akanibebea mkoba wangu mpaka kule. Akamwambia mume wangu shikamoo mzee, akatuletea chai ya rangi na biskuti nje ya muda wa chakula. Mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza toka uwanjani. Kwa huyo dada peke yake nilisema shirika hili nimelisamehe, nyota tano, na nilikuwa namaanisha.

Tukafika Paris. Sasa pale uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle ndiyo kwenye serikali yenyewe ya Ufaransa, afisa mwenye mamlaka ya kuturudisha nyumbani. Mume wangu keshafungua faili kabla foleni haijasogea, jasho linamtoka. Afisa akachukua paspoti, akaitazama visa, akamtazama usoni, akagonga muhuri, akasema merci. Kwisha. Faili hakuligusa. Wenye Ufaransa yao hawakuona tatizo kuingia na visa ya Italia. Mume wangu akabaki amesimama pale na faili wazi anasubiri aulizwe, mpaka afisa akampungia mkono apite.

Na hiki ndicho ninachotaka watu waelewe kuhusu lile neno la kaunta. Lilitufuata. Safari nzima yule mwanaume alitembea na lile faili kwapani. Ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kule Paris tulipanda na faili. Hotelini kabla hajaulizwa keshalifungua. Tukitoka Paris kwenda Roma, ambako ni ndani kwa ndani na hakuna hata aliyegusa muhuri, usiku ule hakulala, ananiuliza hivi kesho hawatatuzuia? Mimi namwambia baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawazuii. Ananijibu najua, lakini tusije tukawa hatukusoma vizuri. Huyu ni mtu ambaye alikuwa ananitajia nchi 29 bila kusita! Mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha kaunta, akatamka maneno manne, akamnyang'anya mwenzio uhakika wa kitu anachokijua.

Roma ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Maji ya bure yanamwagika kwenye vibomba vya barabarani, wenyewe wanaviita nasoni, ya baridi na safi, unakinga chupa unaendelea na safari. Pale Basilika la Mtakatifu Petro mabega na magoti lazima yafunikwe, nilikuwa na gauni la mikono mifupi sana nikatoa kanga yangu kwenye mkoba nikajitanda, dada mmoja wa Kizungu pembeni yangu aliyezuiwa nikampa ya pili, maana kanga ni doti, tukaingia wote. Mume wangu alipiga magoti mule ndani muda mrefu. Faili aliliweka sakafuni pembeni yake. Nilimpiga picha akiwa vile na ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote na ndiyo siwezi kuitazama bila hasira kurudi.

Tuliporudi nikawaandikia barua pepe. Sikuomba hela, mtoto wangu aliniambia dai fidia nikasema hapana. Nimeomba kitu kimoja, mtu mmoja kutoka kwao ampigie simu mume wangu amwambie mwalimu tulikukosea. Namba nikaweka. Ikaja ya kwanza ya kompyuta kwamba wamepokea. Wiki zikapita. Ikaja ya pili kwamba wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, mfanyakazi alifuata utaratibu wa kuhakiki hati, wanathamini uaminifu wetu, na tunapewa vocha ya punguzo kwa safari ijayo. Utaratibu gani? Kumuuliza mtu mzima kama anajua kusoma kumeandikwa kwenye utaratibu upi?

Kwa wanaosafiri: ukiwa na visa ya Schengen ya nchi moja na unaanzia nchi nyingine ya humohumo, usikubali kusogezwa pembeni ukanyamaza kama sisi. Waambie waangalie Timatic, taja jina hilohilo, na kama bado anabisha omba mkubwa wake hapohapo dakika ya kwanza. Onyesha bukingi zinazothibitisha kwamba kule kwenye visa ndiko unakaa siku nyingi, maana hilo wana haki ya kuliuliza. Na siti mkishalipia tembeeni na risiti, sisi hela ya siti mpaka leo haijarudi, hata hilo nilikuwa nimelisahau kwa ajili ya lile neno.

Kama nitapanda tena? Nauli zao ni nafuu kuliko wengine, hilo ni kweli, na mwanetu wa mwisho kapata chuo nje na mume wangu keshaanza kuniambia twende nao haohao, huenda tukamkuta yule dada wa Mombasa. Nimemwambia nitafikiria. Nilikuwa nawapa nyota mbili, zote za yule dada.

Nimeifungua tena ile barua yao ya pili nihakikishe sijawasingizia kitu. Mume wangu wamemuandika "Bi." Nyota moja.