R6 Mark III imetoka: mpiga picha wa harusi anunue ipi?

Tangu Canon watangaze kamera yao ya EOS R6 Mark III tarehe 6 Novemba 2025, simu yangu haipumziki. Vijana niliopiga nao kazi wanauliza swali lilelile: "Kaka, niisubiri hiyo au nichukue Mark II?" Mmoja alinitumia ujumbe saa tano usiku akiwa bado ukumbini, keki haijakatwa. Kumjibu kila mtu peke yake nimechoka, naandika mara moja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekula kwa harusi, sendofu, kicheni pati na mahafali, na ambaye tayari ana lenzi mbili tatu za Canon kwenye begi. Kama unapiga simba Serengeti au mpira Kwa Mkapa, mpangilio wako utakuwa tofauti, usije kunilaumu.

Kwanza hela. Bodi tupu, yaani kamera bila lenzi, ilitangazwa Marekani kwa dola 2,799. Ukizidisha kwa shilingi 2,450 unakaribia milioni 7, na hapo haijapanda ndege wala kukutana na ushuru na VAT ya asilimia 18. Sasa tuseme unapiga harusi kwa laki sita, na ukishamlipa msaidizi, albamu na bodaboda unabaki na laki mbili na nusu. Milioni 7 ni harusi 28. Kwaresma Wakatoliki wengi hawafungi ndoa, Ramadhani kumbi nyingi zinalala. Harusi 28 kwa wengi wetu ni mwaka mzima na zaidi, bila kula, bila ada ya mtoto.

Kwa hiyo nimepanga kwa kipimo kimoja: ukumbini usiku, kitu gani kinarudisha hela yake mapema?

Namba 1: R6 Mark II

Ndiyo, ya zamani. Ilitoka Novemba 2022 kwa dola 2,499, na kama ilivyo kwa kamera yoyote, mrithi akishatangazwa ndipo bei inapoanza kulegea na wenye haraka ya kuhamia mpya wanauza zao. Hao ndio wa kuwatafuta.

Ina megapikseli 24.2. Najua mtu atasema mpya ina 32.5. Sawa, lakini albamu ya mteja wako ina ukubwa gani? Picha ya pikseli milioni 24 inajaza kurasa mbili za albamu bila shida yoyote, na bango la kuweka mlangoni mwa ukumbi watu hulitazama kwa mbali. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba faili za mpya ni nzito zaidi kwa takriban theluthi moja. Harusi yenye picha 3,000 utaihisi kwenye diski ya kuhifadhia, na utaihisi zaidi kama kompyuta yako ni ile inayoanza kupiga kelele za feni ukifungua picha ishirini.

Kuna fremu, yaani picha, 40 kwa sekunde zinazotajwa kila mahali. Mark II inazo pia! Na zote mbili huzitoa kwa shata ya kielektroniki, ile ya kimya. Ukumbini unapiga na flashi kwa shata ya mitambo, ile yenye pazia na mlio, na hapo zote mbili zinakwenda fremu 12. Mimi sijawahi kuhitaji hata hizo 12. Flashi yenyewe haiwezi kujijaza kwa kasi hiyo.

Kuhusu shata ya kimya nisimulie kidogo, maana imewaumiza wengi. Sendofu moja huko Sinza niliiwasha wakati wa sala, nisiwasumbue watu kwa mlio. Sala ikaisha, nikasahau kuizima. DJ akabadilisha taa zikawa zambarau, bi harusi akaingia na wapambe wake kwa madoido, mimi nabonyeza tu. Kuja kuangalia kwenye kioo cha kamera, gauni lina mistari kama pundamilia, mmoja mweupe, mmoja wa zambarau, kuanzia kifuani hadi chini. Taa za LED huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, na shata ya kielektroniki husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kila mstari unaikuta taa katika hali tofauti. Dawa yake ni kurudi kwenye shata ya mitambo na kuwasha kipengele cha kupunguza mtetemo wa mwanga. Mark III haijaliondoa tatizo hili, kwa sababu sensa yake (kile kipande kinachonasa mwanga, si ile ya watu na makazi) haikujengwa kwa matabaka kama ya R5 Mark II, kamera yao ya bei ya juu zaidi, na bado husoma kwa mwendo wa kawaida. Anayekwambia "mpya haina mistari" anataka kukuuzia.

Jambo la mwisho linaloipandisha Mark II: sloti zote mbili, yaani matundu ya kadi, ni za SD. Kadi ulizonazo zinaingia, kisomeo ulichonacho kinafanya kazi, na picha unaziandika kadi mbili kwa pamoja.

Namba 2: Mark III yenyewe

Nisiionee. Ni kamera nzuri, na kuna aina moja ya mpiga picha ambaye ningemwambia aichukue leo: anayepiga picha na video kwa bodi hiyohiyo.

Mtazame mteja wa siku hizi. Albamu ataingoja mwezi, lakini kesho yake asubuhi anataka vipande vya video vya kusimama vya kurusha kwenye simu. Mark III inarekodi sensa nzima, umbo la picha ya kawaida, kwa ubora wa 7K. Maana yake ukirekodi mara moja tu, unakata kipande cha kulala cha kuonyesha kwenye televisheni na kipande cha kusimama cha simu, vyote vikiwa safi. Zamani tulikuwa tunakata vichwa vya watu au tunapeleka kamera mbili.

Kingine ni kidogo kwa umbo, ila kwangu kina uzito kuliko megapikseli zote: tundu la HDMI ni la ukubwa kamili. Mark II ina lile dogo sana. Anayerusha picha mubashara kwenye skrini za ukumbi anajua ninachosema. Waya mrefu, mpambe kapita na sinia, waya umevutwa, tundu limelegea, skrini nyeusi, na mwenyekiti wa kamati anakuja kwako mbele ya wageni mia tatu kuuliza michango yao imekwenda wapi.

Inaweza pia kuanza kuhifadhi picha nusu sekunde kabla hujabonyeza hadi mwisho. Kwa kizibo cha shampeni kinaporuka, raha tupu. Na unaweza kuisajili sura ya bi harusi ili fokasi imfuate yeye hata akizungukwa na mashangazi wanaocheza.

Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu bei yake haiishii kwenye bodi. Sloti moja ni ya SD, nyingine ni ya CFexpress Aina B, kadi tofauti kabisa, yenye kisomeo chake, na vyote viwili vinaweza kukulia hela ya flashi nzuri. Ukiandika kadi mbili kwa pamoja, kasi inashuka hadi ya SD iliyo polepole, kwa hiyo ile CFexpress ya bei mbaya inamngoja mwenzake. Betri nayo ni ya aina mpya, LP-E6P. Zile za LP-E6NH zinaingia, lakini baadhi ya kazi zinapungua.

Siku hiyohiyo Canon walitangaza lenzi ya RF 45mm f/1.2 kwa bei ya chini ya dola 500. Usiku wa harusi, lenzi ya kufunguka hadi 1.2, ya kuingiza mwanga mwingi, kwa bei hiyo ni habari kubwa kuliko bodi. Hata mwenye Mark II aliyetosheka anaweza kuitazama hiyo.

Namba 3: baki na uliyonayo, nunua mwanga

Una 5D Mark IV? Ilitoka 2016, ina megapikseli 30.4 na sloti mbili. Tatizo lako huenda si bodi. Nimeona picha za kamera ya bei ya kiwanja zikiwa zimepigwa kwa flashi iliyomwelekea bi harusi usoni moja kwa moja, poda inang'aa, kivuli cheusi ukutani kama picha ya kitambulisho. Flashi mbili za kusimamishwa pembeni, stendi zake, kirushio cha kuziwasha kwa mbali na betri za kuchaji za kutosha havifiki hata robo ya bei ya Mark III. Mteja ataiona tofauti siku hiyohiyo. Mpito kutoka Mark II kwenda Mark III hatauona kamwe.

Hii ningeiweka hata namba 1, ila najua ukishaamua kununua bodi hunisikilizi.

Namba 4: R6 ya kwanza, iliyotumika

Ya Julai 2020, megapikseli 20.1, sloti mbili za SD. Ukitoka kwenye 5D, fokasi yake inayofuata macho itakushangaza. Kwa picha tupu inatosha, na ndiyo njia ya bei nafuu ya kuziacha kamera za zamani zenye kioo cha kurukaruka ndani, kama hiyo 5D. Lenzi zako za EF, zile za kamera za zamani za Canon, zinakaa vizuri kwa adapta ya EF-EOS R, 24-70 yako na 70-200 yako hazipungukiwi kitu. Kwa video uwe mwangalifu: inakata kabla ya dakika 30, na ukiisukuma kwa 4K ndani ya ukumbi wenye joto la Desemba la Dar itakuonyesha alama ya joto wakati mchungaji ndiyo kwanza anafungua Biblia.

Ambazo utaulizwa

R8 ya Canon ni nyepesi, ilitoka kwa dola 1,499, na picha zake zinafanana na za R6 Mark II. Lakini ina sloti moja. Mwaka 2019, harusi ya Kimara, nilikuwa na kamera ya sloti moja na kadi ikafa kati ya kanisani na ukumbini. Picha za ukumbini zipo, za bustanini zipo, pete haipo. Tuliirudia nyuma ya ukumbi, bwana harusi koti mkononi, bi harusi kashabadilisha viatu. Wiki mbili baadaye mama wa bwana harusi alifungua albamu taratibu mbele yangu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Mwanangu, ya madhabahuni iko wapi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. R8 iwe bodi ya pili, ya kupigia mapambo na keki ya ndafu.

Sony A7 V ilitangazwa tarehe 2 Desemba 2025 kwa dola 2,899. Ina megapikseli 33 na sensa inayosoma haraka zaidi. Nikon Z6III, ya Juni 2024 na megapikseli 24.5, ilitangulia kwa teknolojia ya namna hiyo na bei yake ilianza chini zaidi. Kama huna lenzi hata moja, anza kwa Sony bila aibu, kwa kuwa lenzi za Sigma na Tamron zimejaa na hazikamui. Canon hadi mwisho wa 2025 walikuwa hawajawafungulia mlango hao kwa lenzi za fokasi ya kujiendesha za sensa kubwa, na hilo ni kosa lao. Ila kuhama mfumo mzima kwa ajili ya bodi moja ni kuuza nyumba ili ununue mlango.

R5 Mark II ilitoka kwa dola 4,299. Kama harusi zako zinailipa, hukuhitaji kusoma mpaka hapa.

Ukienda kuchukua

Iliyotumika usiinunue barabarani wala ndani ya gari la mtu. Nenda na lenzi yako na kadi zako mbili. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe bila kufokasi, kisha kuza picha: madoa ya mviringo yenye ukungu ni vumbi, yanasafishika. Mstari mwembamba usiohama ni mkwaruzo kwenye sensa, rudisha kamera na uage kwa heshima. Weka flashi, itikise kidogo huku unapiga. Ikikosa kuwaka mara moja kati ya kumi, kiti cha flashi kimechoka. Chomeka waya wa HDMI uuchezeshe. Piga mfululizo sloti zote mbili zikiandika, kisha toa kila kadi uifungue kwenye kompyuta yako, palepale dukani.

Iliyoletwa toka Dubai omba risiti yenye namba ya bodi na uilinganishe na iliyo kwenye kamera yenyewe. Uliza dhamana inatumika hapa au mpaka uirudishe kulekule, na jibu hilo liandikwe kwenye risiti kabla hujatoa hela. Muuzaji akianza kusema "usijali kaka, hizi haziharibiki", chukua lenzi yako, chukua kadi zako, duka la jirani lipo wazi.